Nadi, Malindi, Nadi

Sisi wa Nungwi tulikuwa watu wa kuisikia taarabu, si wa kuitazama. Kutoka huku ncha ya kaskazini ya Unguja mpaka mjini ni kiasi cha kilomita 60, na gari la 116 halimngoji mtu mpaka saa saba za usiku eti wimbo wa mwisho uishe. Basi ilitufikia kwa redio, pale pwani mafundi wanapochonga mataruma ya majahazi kwa tezo, fidla na nyundo zikipigana vikumbo. Mzee mmoja aliyekuwa akikalafati mashua hakuwahi kulitaja jina la kundi la Ikhwan Safaa. Akisikia ganuni inaanza tu, atasema: "Haya, nyamazeni, Malindi hao." Nilikuwa mtu mzima kabla sijajua kuwa Malindi na Ikhwan Safaa ni watu wale wale.

Husimuliwa kuwa Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohammed Ibrahim mjini Cairo akajifunze ganuni, arudi atumbuize kasrini. Wenye kusikia walikuwa wenye kualikwa. Mwaka 1905 watu wa Mji Mkongwe wakaanzisha chama chao wenyewe, wakakiita Nadi Ikhwan Safaa, jina lililokwishatumiwa na wanafalsafa wa Basra katika karne ya 10, wale Ndugu wa Usafi. Kilikuwa chama cha wanaume, na walichokiimba kilikuwa Kiarabu.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Siku hizi kila anayewataja Ikhwan Safaa hulitia na neno "asili": walinde asili, wasiiharibu asili. Lakini mwaka 1905 wao ndio waliokuwa wa kisasa. Ganuni ilikuwa ngeni Unguja kama kinanda cha umeme kilivyokuja kuwa ngeni baadaye, na mtu wa shamba aliyezoea ngoma angewaona ni vijana wa mjini wanaoiga Misri. Anayedai asili atuambie ni ya mwaka gani.

Na mageuzi makubwa kuliko yote hayakutoka kwao. Yalitoka kwa Siti binti Saad wa Fumba, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 akarekodi sahani za santuri kwa Kiswahili, lugha iliyoeleweka na mchukuzi na tajiri sawasawa. Nadi walichelewa kulipokea somo hilo. Walipolipokea, karibu na miaka ya 1950, walilipokea kweli kweli: mashairi ya mafumbo kwa Kiswahili, mahadhi ya filamu za Misri na za Kihindi, fidla zikawa safu nzima, chelo, besi, akodioni. Wanawake nao wakaja kuingia. Hiyo ndiyo taarabu ambayo yule mzee wetu aliiona ya tangu na tangu, na ilikuwa na umri mdogo kuliko yeye.

Kisha yakaja Mapinduzi ya Januari 1964. Jina la Kiarabu likawekwa kando, na chama kikaitwa kwa mtaa wake, Malindi. Upande wa pili walikuwako Mila na Utamaduni, au Culture kama wanavyojulikana, walioanza mwaka 1958 kwa jina la Shime Kuokoana. Mji ukagawika: huyu Malindi, yule Culture, kama timu za mpira. Nadi wakaja kulirudia jina lao la zamani, lakini la mtaa halikufutika midomoni mwa watu. Nadhani lilikuwa na bahati. Jina la kwanza lilikuwa la wasomi, la pili watu wakalifanya lao.

Miaka ya 1990 ikaja rusha roho. East African Melody walikuja na vinanda na maspika; mwimbaji Khadija Kopa, aliyekuwa Culture, alivuka bahari kwenda kuimbia kundi la TOT la bara, na mipasho ikachukua nafasi ya fumbo. Wengi walilaumu adabu imepotea. Mimi naitazama hesabu. Kundi la kinanda ni watu wachache na gari moja, linafika Nungwi harusini na kurudi. Okestra ya fidla na chelo ni watu wengi wa kulishwa, kusafirishwa na kulipwa. Huku shamba hata kabla ya vinanda harusi zilikuwa za kidumbak, fidla moja na sanduku, kwa sababu hiyo hiyo.

Nadi haikugeuka kundi la rusha roho. Mwaka 2005 ilitimiza karne, na kampuni ya Kifaransa, Buda Musique, ikaifungulia kwa sahani yake mfululizo wa Zanzibara. Ni heshima, ingawa mtu akishatimiza miaka 100 kila mgeni humtaka aimbe za babu tu. Waliojaribu kupumua zaidi ni wengine: chuo cha muziki cha DCMA, kilichofunguliwa 2002, ambako wasichana nao hujifunza ganuni na udi, na Rajab Suleiman, mpiga ganuni aliyetoka Culture, aliyeunda kundi dogo la Kithara na kutoa *Chungu* mwaka 2014.

Mwaka jana nilikwenda hoteli moja hapa Nungwi kumsubiri ndugu yangu atoke kazini. Ukumbini walikuwa watatu: ganuni, udi, dumbaki. Walianza na bashrafu, taratibu, kama inavyofunguliwa taarabu mjini. Wageni wakaendelea kula. Mmoja akaenda akamnong'oneza mpiga ganuni. Yule akacheka, akazikaza nyuzi mbili tatu katika zile zaidi ya 70, kisha akaipiga "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms wa Mombasa. Akaipamba kila pembe, akaipitisha kwenye maqam ambayo wimbo ule haukuwahi kuyaona. Mpishi akatoka jikoni na mwiko mkononi, akatoa noti mfukoni, akatembea taratibu kwenda kumtunza.