Mstari wa 812

Kila jioni, kwa wiki sita, nilifungua faili lilelile na kila jioni nilitua mstari wa kwanza. Faili lina mistari 2,316. Jana yake ningekuwa nimesoma hadi mstari wa mia tisa na kitu, nikafunga laptopu nikalala. Kesho yake kielekezi, ile alama inayopepesa kuonyesha herufi inayofuata itakaa wapi, kilikuwa juu kabisa kikinisubiri, kama mlinzi wa getini anayekuuliza jina kila siku ilhali ulimsalimia asubuhi.

Faili si langu. Ni la kaka yangu, aliyefariki mwaka juzi katika ajali ya barabarani. Alikuwa fundi wa mitandao ya kompyuta Mwanza, na likizo zake nyingi alizimalizia kijijini kwetu, mkoani Kagera, akipita nyumba kwa nyumba na kuandika. Nani aliishi hapa. Nani alifariki, mwaka gani. Watoto walibaki wangapi, wakachukuliwa na nani. Hakutumwa na ofisi yoyote. Alipoulizwa sababu alijibu kwamba wanaokumbuka wanazeeka.

Alichokuwa akikiandika ni miaka ya 1980 na 1990. Mwaka 1982, katika kijiji cha wavuvi cha Kasensero, eneo la Rakai kusini mwa Uganda, watu walianza kukonda na kufa kwa ugonjwa ambao haukuwa na jina. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza Tanzania waligundulika mkoani kwetu. Kabla neno Ukimwi halijazoeleka, Waganda waliuita Slim na sisi tuliuita Juliana. Mimi nilizaliwa baadaye. Nilichokikuta ni vibanja vyenye nyumba zilizofungwa, na bibi waliokuwa wakilea wajukuu sita au saba bila mzazi hata mmoja kati yao.

Laptopu yake nilirithi mimi, pamoja na neno la siri alilokuwa ameliandika ndani ya jalada la daftari. Faili aliliandika kwa programu iitwayo Vim. Ukiifungua Vim bila faili lolote, skrini inakuwa tupu, isipokuwa maneno machache katikati: jina la programu, toleo lake, na ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Nilidhani kaka ndiye aliyeliweka ombi hilo. Nilipojua kwamba linatokea katika kila kompyuta yenye Vim, Tokyo hadi Toronto, nilitaka kujua lilifikaje humo. Na kwa kuwa programu hiyohiyo ilikuwa inanisahaulisha nilipoishia kila jioni, maswali hayo mawili niliyafuatilia pamoja.

Zamani kompyuta nyingi hazikuwa na skrini. Mwaka 1969, katika maabara za Bell nchini Marekani, Ken Thompson aliandika programu iitwayo ed kwa ajili ya mashine zilizochapa kwenye karatasi kama taipureta. Hukuona maandishi yako yote. Uliagiza mstari fulani uchapwe, ukauona. Kompyuta ilikumbuka uko mstari gani sasa hivi, na mstari huo uliitwa nukta. Ukifungua faili, ed ilikuweka mstari wa mwisho, kana kwamba kila anayefungua faili amekuja kuongeza.

Mwaka 1976, katika chuo kikuu cha California, Berkeley, mwanafunzi Bill Joy aliunda programu iliyokuja kuitwa vi. Nyumbani alitumia kifaa chenye skrini kiitwacho ADM-3A, kilichounganishwa na chuo kwa modemu ya kasi ya 300 tu, hivyo kila amri aliifanya fupi kadiri alivyoweza. Katika kibodi ya ADM-3A, mishale ilichorwa juu ya herufi H, J, K na L. Ndiyo sababu hadi leo watumiaji wa Vim husogeza kielekezi kwa herufi hizo, wengi bila kujua kwamba wanabonyeza mishale ya mashine ambayo hawajawahi kuiona.

Vi ilikuweka mstari wa kwanza, kana kwamba umekuja kusoma upya. Ungeweza kuweka alama zako ndani ya maandishi na kuzirudia, lakini ukifunga programu zilipotea. Kwa hiyo moja ilikupeleka mwisho, nyingine mwanzo, na hakuna iliyokupeleka ulipokuwa. Kumbukumbu hiyo ilikuwa kazi ya binadamu, kama mshonaji anavyochomeka sindano kwenye kitambaa kabla ya kwenda kula.

Vim ilianza kutengenezwa mwaka 1988. Mholanzi Bram Moolenaar alinunua kompyuta ya Amiga na kukosa vi ya kumridhisha, akachukua programu ndogo ya kuiga vi na kuanza kuiboresha. Mwaka 1991 aliitoa kwa watu. Mwaka 1994 alikwenda kusini mwa Uganda kujitolea katika kituo cha watoto cha Kibaale, akishughulikia maji na usafi wa mazingira. Kibaale ni mji mdogo wa Rakai, karibu na mpaka wa Tanzania. Kutoka Bukoba unapanda kuelekea Mutukula, unavuka, unaingia nchi hiyo. Aliporudi, Vim iliendelea kuwa ya bure, ila anayeipenda aliombwa awakumbuke watoto wale. Ombi limekaa kwenye skrini ya kwanza kwa miaka mingi. Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023 akiwa na miaka 62, na ombi bado lipo.

Nilikaa na habari hiyo siku kadhaa. Kaka aliandika majina ya yatima wa upande wetu wa mpaka kwa chombo ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikiombea yatima wa upande wa pili. Sijui kama aliwahi kulisema kwa mtu. Kwangu hakuwahi.

Sasa turudi kwenye kusahau. Ugonjwa wa mashine huchunguzwa hatua kwa hatua, na hatua ya kwanza ni kuuliza: je, kumbukumbu inaandikwa? Vim huitunza katika faili linaloitwa viminfo, ambalo limefichwa kwa kuwa jina lake linaanza na nukta. Nililitafuta kwenye folda ya nyumbani, likawepo.

Hatua ya pili: faili hilo ni mali ya nani? Kosa moja maarufu hutokea hapa. Mtu akiwahi kufungua Vim kwa mamlaka ya msimamizi mkuu wa mashine, viminfo inaweza kuzaliwa ikiwa mali ya msimamizi huyo. Kuanzia hapo mtumiaji wa kawaida hawezi kuiandika wala kuisoma, na kila siku kwake ni siku ya kwanza. Nilikagua. Mmiliki alikuwa akaunti ya kaka, ambayo ndiyo niliyokuwa naitumia. Diski nayo ilikuwa na nafasi.

Hatua ya tatu niliifungua viminfo yenyewe nikaisoma. Ni maandishi ya kawaida. Nilikuta jina la faili letu, na chini yake alama ya kunukuu ikifuatwa na namba 1,204. Ndipo nilipokuwa nimeishia usiku uliopita. Kumbe mashine ilikuwa inajua. Wiki sita nililalamika kwamba inasahau, na wakati wote ilikuwa na jibu sahihi mfukoni. Kilichokosekana ni amri ya kuipeleka huko.

Amri hiyo ilichelewa kuja. Kwa miaka mingi kila mtu alijiandikia mwenyewe katika faili lake la mipangilio, vimrc. Mwaka 2016, toleo la 8.0 lilileta faili la mipangilio ya pamoja, defaults.vim, na amri ya kurudi ulipoishia ikawekwa humo. Lakini faili hilo husomwa kwa asiye na vimrc yake tu. Aliye nayo huachwa kama alivyo. Kaka alikuwa na vimrc ya mistari mitano, ya zamani, aliyokuwa akihama nayo kutoka kompyuta hadi kompyuta. Dawa ilikuwa kuongeza mstari mmoja juu yake, wa kuiambia Vim isome defaults.vim kwanza.

Lakini yeye alikuwa akirudije alipoishia? Hapo nilikumbuka vidole vyake. Kila alipofungua faili, kabla ya kitu chochote, alikuwa akigonga kitufe kilicho kando ya Enter mara mbili haraka, mara ya pili akiwa ameshika Shift. Nilidhani ni mazoea tu, kama mtu anayepiga pafu la hewa kabla ya kuimba. Kumbe ndiyo amri yenyewe: nukuu moja, kisha nukuu mbili. Nipeleke nilipokuwa.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Namba hiyo huandikwa upya kila unapofunga faili. Jioni ya kwanza kabisa nilipolifungua, ilikuwa bado ni yake. Nilisoma kidogo, nikafunga, na yangu ikakaa juu ya yake. Mahali macho ya kaka yalipokuwa kwa mara ya mwisho nilipafuta mwenyewe, kwa kutojua, nikiwa na kikombe cha chai mkononi.

Niliifunga laptopu nikatoka nje. Niliporudi nilisoma tena viminfo, polepole, na chini ya alama ya kunukuu niliona alama nyingine, nukta, yenye namba tofauti: 812. Hiyo ni kumbukumbu ya pili. Haitunzi ulipotazama, inatunza ulipobadilisha neno kwa mara ya mwisho. Na mimi sikuwa nimebadilisha hata herufi. Niliogopa kuandika ndani ya faili lake. Nyongeza zangu zote nilikuwa nikiziweka kwenye daftari.

Niligonga nukuu moja, kisha nukta. Kielekezi kikashuka hadi mstari wa 812.

Nilikuwa nimeamini kwamba aliishia mwishoni mwa faili, na nilipanga kuendelea kutoka hapo, nyumba iliyofuata. Lakini mstari wa 812 uko katikati. Ni nyumba ya mama mmoja mjane wa kitongoji cha chini, na mstari wenyewe unasema: watoto 4. Chini yake kuna majina matatu. Nilikuwa nimeshaupita mara kadhaa bila kuhesabu. Alikuwa amerudi nyuma kusahihisha idadi, na jina la nne bado hajalipata.

Nilikwenda wiki iliyofuata. Yule mama sasa ni mzee sana. Nilimwamkia, akanikaribisha kwenye mkeka, akaniuliza mimi ni wa nani, nikamweleza. Alinyamaza kidogo.

"Kaka yako alisema atarudi," alisema. "Nilimwambia wako wanne. Akaniuliza wa nne anaitwa nani, nikashindwa kulitamka siku ile. Nikamwambia, njoo siku nyingine, mwanangu."

Hakunieleza zaidi kuhusu sababu, nami sikuuliza. Alileta kahawa ya kutafuna, tukatafuna. Nilipokaribia kuaga alilitaja jina, mara moja, kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha mwaka: 1989. Mtoto alikuwa na miezi minane.

Usiku ule nilifungua faili, nikafika mstari wa 812 na kukaa muda mrefu bila kuandika. Nilijua kwamba herufi ya kwanza nitakayoiongeza itaihamisha ile nukta, na mahali mkono wa kaka ulipoishia patakuwa pangu. Nilichukua daftari nikaandika namba 812 na tarehe, kwa kalamu. Kisha nikashuka mistari mitatu, nikafungua mstari mpya, nikaandika jina na mwaka, nikahifadhi.

Siku hizi nikifungua faili natua nilipoishia bila kugonga kitufe chochote. Zimebaki nyumba kumi na moja.