Toka mtoto mkosaji mpaka mzazi wa kujibu: safari ya sheria ya kwetu

Mu kartie zetu, ukiambia mzazi kama anaweza kufungwa juu ya mtoto wake mwenyewe, atakuuliza: «Mtoto ni wangu ao ni wa Leta?» Mimi nilisoma sheria, na hilo swali ninaliheshimu, sababu Leta yenyewe ilichukua karibu miaka 60 kulijibu.

Tuanze na dekre ya 6 Desemba 1950, wakati wa Wabelgiji. Ilihusu «watoto wakosaji». Mtoto aliyezurura ao kuomba-omba barabarani alipelekwa mbele ya hakimu. Muangalie vizuri: aliyesimama pale ni mtoto. Nani alimfukuza nyumbani? Hilo halikuwa swali la kwanza.

Uhuru ulikuja, dekre ikabaki. Sheria ya familia ya 1 Agosti 1987 iliacha mzazi amkaripie na kumrudi mtoto kwa kipimo cha umri wake, lakini iliruhusu pia tribinali kumnyang'anya mamlaka mzazi anayemtesa mtoto. Mwaka 1990, Zaire ikakubali mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za mtoto. Mu karatasi, mambo yalikuwa muzuri.

Kisha maisha ikaharibika. Kulikuwa uporaji wa 1991 na 1993, kazi zikapotea, vita ikaingia 1996 na tena 1998. Wakati ule njo mashtaka ya ulozi yalianza kuangukia watoto kwa wingi, zaidi Kinshasa: yatima, mtoto wa bibi wa kwanza, mtoto anayekojoa kitandani. Baba amekosa kazi, mgonjwa amekufa, basi lazima mwenye kosa apatikane, na mwenye kosa ni yule asiye na wa kumtetea. Wengine walifungiwa mu vyumba vya maombi bila chakula, wengine walipigwa, wengi walifukuzwa. Kinshasa waliitwa mashege, huku Kivu mayibobo.

Njo maana Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu 41, inakataza kutupa mtoto, kumtesa na kumshtaki ulozi, tena inataja ulozi kwa jina. Sheria 09/001 ya 10 Januari 2009 ikafuata. Kifungu 160 kinasema: anayemshtaki mtoto ulozi, kifungo cha mwaka 1 mpaka 3, pamoja na faini ya franka 200 000 mpaka 1 000 000. Sheria ile ile ilianzisha tribinali za watoto, na ikasema mtoto asiyefika miaka 14 hahesabiwi mwenye kosa la azabu. Yule wa 1950 aliyehukumiwa, leo ni wa kulindwa.

Wengine wananiambia: «Ukifunga baba, nani atalisha wale wengine?» Ni swali la kweli, na sheria peke yake haishibishi mtu. Lakini kifungu 160 hakitaji mzazi tu. Kinagusa pia mjomba, jirani, na mchungaji anayelipwa ili «aone» ulozi. Mara mingi huyo wa mwisho njo anamsukuma mzazi maskini, kisha anabaki na heshima yake.

Ndugu zangu wanafunzi, mukutano wa familia ukiitwa juu ya mtoto «mlozi», sisi tuliosoma tunanyamaza juu ya kuheshimu wakubwa. Mulete kifungu 160 pale pale, kwa adabu, mbele mtoto hajalala inje.