Hadhira Inayohama: Hukumu na Adabu ya Watazamaji Usukumani

Limezoeleka dai miongoni mwa waongozaji wa tamthilia na baadhi ya walimu wa sanaa za maonyesho kwamba hadhira ya Mwanza haina adabu ya ukumbi. Watu huchelewa, hunong'ona mhusika akiwa anasema, hupanda jukwaani kumtunza msanii, na wengine huondoka kabla ya tamati. Dawa inayopendekezwa ni kuwafundisha kukaa kimya. Makala hii inalipinga dai hilo.

Kuhusu asili ya ukimya wenyewe hakuna mabishano makubwa. Katika kumbi za wazi za London enzi za Shakespeare, waliolipa kiingilio cha chini walisimama uani mchana kweupe, wakila na kuzungumza. Ukumbi wenye giza ulipata nguvu katika karne ya 19, na mfano maarufu ni ule wa Richard Wagner huko Bayreuth mwaka 1876. Ukimya ni desturi ya aina fulani ya jengo na ya tabaka fulani la watu. Kwetu, mwandishi na mtaalamu wa sanaa za maonyesho Penina Mlama alikwisha kueleza kwa kina, katika kitabu chake cha 1991, nafasi ya jamii katika sanaa za maonyesho. Ninaotofautiana nao ni wale wanaousifu ushiriki wa hadhira ya Kiafrika kana kwamba ni uchangamfu tu usio na kanuni. Sifa hiyo na lawama ya waongozaji zina kosa moja: zote hazioni kwamba mtazamaji anahukumu.

Ushahidi uko Kisesa, mwendo mfupi kutoka Mwanza kwa barabara ya Musoma. Katika sikukuu ya Wasukuma ya Bulabo, inayofanyika hapo Kisesa, Bujora, karibu na wakati wa Sikukuu ya Ekaristi na iliyokuzwa na Padri David Clement, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana. Masimulizi huvirejesha vyama hivyo kwa waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, walioamua kupimana nguvu za dawa kwa ngoma. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, yakiwa yameachana kidogo. Mshindi ni yule aliyezungukwa na umati mkubwa zaidi. Kwa hiyo mtazamaji anayemwacha mchezaji katikati ya wimbo na kukimbilia upande wa pili hajamkosea mtu, amepiga kura. Ndiyo maana wachezaji hutafuta dawa za mvuto, huleta chatu, huibua sanamu za mbao, na watunzi wao hutupiana nyimbo za kejeli. Kila kitu kimepangwa kwa kujua kwamba hadhira ina miguu.

Wala uhuru huo si fujo. Duara la wachezaji halivamiwi. Anayehama huhama kwa uwazi, na mchezaji aliyekimbiwa hasimami kuwakaripia waliomkimbia, hubadili wimbo. Hiyo ni adabu, na inambana msanii kuliko inavyombana mtazamaji.

Nitaambiwa kwamba tamthilia ya maneno si ngoma. Ni kweli kwamba Kinjeketile, mhusika mkuu wa tamthilia ya Ebrahim Hussein, anapotoka mto Rufiji akiwa amepandwa na pepo Hongo, anahitaji kusikika. Lakini Wasukuma wana wigashe pia, ngoma ambayo waimbaji huketi, na uzito wote huwa katika maneno. Hapo watu hutega sikio bila kuamrishwa, maana kejeli isiyosikika haina ladha. Ukimya basi upo. Tofauti ni kwamba msanii huupata kwa kazi yake, wakati ukumbini anaudai mapema, pamoja na kiingilio.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba umati hupenda kioja, na chatu anaweza kumshinda mtunzi hodari. Hatari hiyo ipo, nami siifichi. Hata hivyo, vyama hivyo vimedumu zaidi ya karne moja, na watunzi wao hukumbukwa kwa nyimbo. Jambo ambalo silitetei ni simu: anayeongea na mtu aliye Geita huku mchezo ukiendelea hahukumu chochote.

Huenda haya hayaihusu kila hadhira ya ukanda wa Ziwa; Wakerewe na Wajita wana taratibu zao zinazostahili uchunguzi wao. Kwa Usukuma, hata hivyo, ninaamini kinachokosewa ni ukumbi. Viti vilivyopangwa safu, mlango mmoja nyuma na mwanga jukwaani pekee humnyima mtazamaji njia ya heshima ya kusema hapana, naye hubaki na minong'ono.

Waongozaji wa Mwanza waache nafasi ya kusimama na kupita pembeni, wacheze viwanjani kabla ya kuingia ukumbini, na waandike ni katika onyesho lipi watu walianza kuondoka. Kisha wakalitunge upya onyesho hilo.