Bunduki ya mwindaji: risasi moja ao tano?

Watu wananiuliza: mlio wa bunduki ukisikika porini, ni mwindaji ao ni hatari? Kwa kujibu, turudi kwanza nyuma.

Mwaka wa 1874, Mwingereza Cameron alifika Kilemba, kwa Kasongo Kalombo, mfalme wa Waluba. Alikuta pale wafanyabiashara wenye bunduki: Juma Merikani, mtu wa pwani ya mashariki, na Alvez wa Bihé, Angola. Walitafuta pembe za tembo, na Alvez alinunua watumwa pia. Bunduki nyingi za wakati ule zilikuwa gobore, ndugu ya pupu yetu ya leo: unatia baruti kwa mdomo, unashindilia na fimbo, unapiga mara moja, unaanza tena.

Tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliweka sahihi mkataba wa Brussels juu ya kumaliza biashara ya watumwa. Mkataba ule ulikataza kuingiza bunduki za kisasa kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini. Kamina iko ndani. Kilichoweza kuruhusiwa ni gumegume, ile inayowashwa na jiwe.

Wakati uleule Ubelgiji ilikuwa imekwisha kuchagua Mauser ya 1889, na kiwanda cha FN kilianzishwa Herstal kwa kuitengeneza. Ilikuwa na magazini, ni kusema kisanduku cha risasi 5 chini ya bunduki. Askari wa Bula Matari huku walibeba sana Albini: risasi moja tu, lakini inaingia kwa nyuma, mbio kuliko gobore. Walioasi Luluabourg mwaka wa 1895 walikuja na bunduki mpaka inchi ya Waluba, na Kasongo Nyembo akashirikiana nao. Yeye mwenyewe alikamatwa mwaka wa 1917.

Basi, risasi moja ao tano, si mwindaji wetu aliyechagua. Sheria ilimchagulia. Mwenye risasi moja alijifunza kujua upepo, kusogea karibu, na kungoja.

Magazini ina faida: nyati akijeruhiwa, risasi ya pili inaokoa mtu. Lakini kisanduku kilekile ndicho kilifukuza watu katika vijiji vyao. Mwindaji, mbele ya kutafuta bunduki ya namna ile, fikiri jirani yako aliyelala porini na watoto. Chukua ruhusa, kama sheria ya uwindaji ya 1982 inavyodai, na umuambie chifu siku unayoingia pori.

Na ninyi mliokimbia: mlio mmoja, kisha kimya kirefu, mara nyingi ni mwindaji anayeshindilia baruti. Lakini hiyo si hakika, kwani wapiganaji nao wamebeba gobore. Musiende kuangalia. Mumuulize chifu kwanza: kama mwindaji alimuaga, mutalala.