Muhula wa kusomea mazingira safarini na kazini

Kila mwaka, hasa Januari na mwishoni mwa Agosti, makundi madogo ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani huwasili Nairobi wakiwa na mikoba mizito na Kiswahili cha salamu tu. Si watalii, ingawa huonekana mbugani. Si watafiti waliobobea pia, ingawa hubeba hojaji na madaftari. Wamekuja kusoma muhula mmoja wa shahada ya kwanza ambao somo lake kuu ni uhusiano wa mazingira na maendeleo. Sehemu kubwa ya muhula huo hufundishwa safarini, na nyingine katika ofisi za mashirika yanayowapokea kama wanagenzi.

Muhula wa aina hii huchukua takriban miezi minne. Mwanafunzi hupimwa kama kawaida: huandika insha, hufanya mitihani, na alama zake hupelekwa chuoni kwake zikahesabiwe katika shahada.

Somo lenyewe si kongwe. Mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Stockholm mwaka wa 1972 ndio ulioyaingiza mazingira katika shughuli za serikali za dunia. Kutokana nao likazaliwa Shirika la Umoja wa Mataifa kuhusu Mazingira, UNEP, lenye makao makuu Gigiri, Nairobi. Mnamo 1987 tume iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway ikaeneza dhana ya maendeleo endelevu, na mkutano wa Rio de Janeiro wa 1992 ukaifanya msamiati wa kila siku. Tangu hapo imekuwa vigumu kumfundisha mwanafunzi habari za misitu bila kumfundisha habari za umaskini wa wanaoishi kando yake.

Mfano ulio karibu nasi ni ule wa Chuo Kikuu cha St. Lawrence, kilichoko Canton katika jimbo la New York, ambacho kilianza kuleta wanafunzi wake Kenya kwa muhula mzima mnamo 1974. Kituo chake kiko mtaani Karen, Nairobi. Huko wanafunzi husoma Kiswahili, ambacho ni cha lazima, pamoja na somo la utamaduni, mazingira na maendeleo ya Afrika Mashariki. Hawaachwi wakae Karen muda wote. Hupelekwa kuishi na familia za mashambani, kisha na familia za mjini, na husafiri hadi maeneo ya wafugaji na kaskazini mwa Tanzania. Takriban mwezi wa mwisho kila mmoja hupangiwa shirika au mradi, akafanye kazi chini ya msimamizi mwenyeji.

Kwa maoni yangu mpangilio huo una hekima. Anayetangulia kuchota maji na wenyeji wake, kisha akaingia ofisini, huyasoma majedwali ya mradi wa maji kwa macho tofauti. Anayeanzia ofisini huenda asitoke humo.

Chukua mfano wa Amboseli. Taasisi ya School for Field Studies ya Marekani, iliyoanzishwa 1980, imewahi kuwa na kituo cha kufundishia eneo la Kimana, karibu na mbuga hiyo. Mwanafunzi hufika akiamini kwamba swali ni jinsi ya kuwaokoa ndovu. Baada ya siku chache hugundua kwamba mbuga ina kilomita mraba 392 tu, na kwamba ndovu hawaishi humo pekee. Hupita katika ardhi ya Wamaasai iliyokuwa ya ranchi za kikundi zilizoundwa chini ya sheria ya 1968. Ranchi ya Kimana imekwisha kugawanywa, kila mwanachama akawa na kipande chake. Mwenye hatimiliki anaweza kulima nyanya na vitunguu kwa maji ya chemchemi zinazolishwa na Mlima Kilimanjaro, au kukodisha, au kuuza. Ua likijengwa, njia ya ndovu imefungwa. Nani wa kulaumiwa? Mama anayetafuta karo kwa nyanya zake hana kosa, na hilo ndilo somo ambalo halifundishiki vyema ukumbini.

Lakini wenyeji nao wana lalamiko la haki. Wamehojiwa mara nyingi kuhusu mifugo yao, maji yao na mapato yao, na mara nyingi ripoti haikurudi. Huandikwa kwa Kiingereza, ikasahihishwa ng'ambo na kuwekwa kabatini. Chifu aliyewakusanya watu chini ya mti hana hata nakala moja ya kuonyesha. Yapo mashirika pia yanayompokea mwanagenzi kwa heshima ya mgeni, wakasahau kumpa kazi, naye akashinda akipanga faili hadi siku ya kuagwa.

Sheria haiko kimya. Chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, anayetaka kufanya utafiti nchini huhitaji leseni ya tume ya NACOSTI, na mgeni hutakiwa kushirikiana na taasisi ya hapa. Uanagenzi nao huhitaji idhini ya Idara ya Uhamiaji, hata kama hauna mshahara.

Safari za namna hii hukatizwa kwa urahisi. Machi 2020, janga la Covid-19 lilipoenea, vyuo vya Marekani viliwaita wanafunzi wao nyumbani kutoka kila pembe ya dunia kabla ya muhula kwisha.

Na tusidhani kwamba msafara huu ni wa upande mmoja. Wangari Maathai alikwenda Marekani mwaka wa 1960, miongoni mwa mamia ya vijana wa Kenya waliofadhiliwa wakati huo, akasomea biolojia Atchison, Kansas, kisha akapata shahada ya uzamili Pittsburgh mnamo 1966. Katika mji huo wa viwanda vya chuma ndiko alikoshuhudia wakazi wakishinikiza hewa yao isafishwe. Alirudi, akaanzisha Green Belt Movement mwaka wa 1977, na 2004 akatuzwa Nobel ya Amani.

Kwa familia au kikundi kinachoombwa kumpokea mwanafunzi, mambo ya kuuliza mapema ni machache: leseni ya utafiti iko wapi, msimamizi wa hapa ni nani, mwanagenzi atafanya kazi gani kila siku, na muhtasari wa ripoti utaletwa lini, kwa Kiswahili au kwa lugha ya wenyeji. Majibu na yaandikwe kabla hodi ya kwanza haijapigwa.