Barua ya Wizara na Miaka Miwili ya Kurudi Nyumbani

Daktari Mtanzania, Mkenya au Mganda anayekwenda kusomea ubingwa Marekani kwa viza ya J-1 anaweza kufaulu mitihani yote na bado akakwama kwa kukosa karatasi moja: barua ya Wizara ya Afya ya nchi yake. Humo Serikali inathibitisha kwamba nchi inahitaji mabingwa wa fani hiyo, na kwamba mwombaji ameahidi kwa maandishi kurejea. Nyuma ya barua hiyo kuna mvutano wa karibu miaka 80.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1948, kwa sheria ya Smith-Mundt iliyowaruhusu wageni kwenda Marekani kujifunza, kisha warudi kwao. Hospitali za huko zilikuwa zikipanuka baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na katika miaka ya 1950 nafasi za mafunzo zilizidi idadi ya wahitimu wa vyuo vya udaktari vya Marekani. Madaktari wa kigeni wakaziba pengo, na wengi wakabaki. Ndipo mwaka 1956 likawekwa sharti: amalizaye mafunzo akae kwao miaka 2 kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu. Mwaka huohuo ikaundwa taasisi iliyokuja kuitwa ECFMG, ya kupima madaktari waliosoma nje. Mtihani wake wa kwanza ulifanyika mwaka 1958, na taasisi hiyo ndiyo inayowadhamini madaktari wa J-1 hadi leo.

Sharti hilo lilikaza na kulegea kadiri Marekani ilivyohitaji madaktari. Sheria ya uhamiaji ya 1965 ilifuta mgawo wa mataifa, na madaktari kutoka India na Ufilipino wakaingia kwa wingi. Mwaka 1970 sharti lenyewe likalegezwa. Mwaka 1976 Bunge la Marekani likatangaza kwamba nchi haina tena upungufu wa madaktari, likawarudishia madaktari wote wa J-1 miaka ile 2, na kudai ahadi ya maandishi kutoka serikali zao. Barua ya wizara ilizaliwa hapo.

Alama ya sharti hilo ipo kwenye fomu ya J-1 iitwayo DS-2019, ambayo daktari huitunza kama pasipoti. Chini, upande wa kushoto, kuna kisanduku anachotia tiki ofisa wa ubalozi kuonyesha kwamba mhusika anabanwa na miaka 2.

Mwaka 1994 Seneta Kent Conrad wa North Dakota, jimbo lenye vijiji visivyo na daktari, alifanikisha sheria ya msamaha: daktari wa J-1 akikubali kufanya kazi miaka 3 katika eneo lenye uhaba, anasamehewa kurudi. Kila jimbo lilipewa nafasi 20 kwa mwaka. Tangu 2002 ni 30. Wagonjwa wa vijijini huko wamenufaika kweli. Lakini tazama mizani ilivyokaa. Wanafunzi wengine wa J-1 wanaweza kusamehewa nchi yao ikiandika kwamba haina pingamizi. Kwa daktari, sheria haiikubali barua ya namna hiyo. Nchi iliyomdai haina uwezo wa kumsamehe, ilhali jimbo la Marekani linaweza kumwombea msamaha. Deni la Dodoma au Kisumu linalipwa North Dakota.

Njia ya pili ni viza ya kazi ya H-1B, iliyofunguliwa kwa madaktari wa tiba mwanzoni mwa miaka ya 1990. Haina sharti la kurudi, ila hospitali ndiyo inayoomba na kugharimia, hivyo programu nyingi huikwepa. Septemba 2025 Rais wa Marekani alitangaza ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya, na njia hiyo ikazidi kuwa nyembamba.

Simlaumu daktari anayebaki. Amesoma usiku na mchana, na anaporudi bila mashine wala vifaa, ubingwa wake unamfia mikononi. Lawama yangu inaangukia mazoea ya kuiona barua ile kama kazi ya muhuri tu. Ni hati rasmi ambamo Serikali inasema, “Tunamhitaji.” Anayesema hivyo aandae nafasi ya ajira, hospitali na vifaa kabla mafunzo hayajaisha, na amfuatilie kijana wake kila mwaka. Miaka 2 ya sheria itamrudisha daktari. Kazi yenye maana ndiyo itakayomfanya akae.