Muungwana Ni Nani?

UZI. Mdahalo ukipamba moto, lazima mtu aseme, "Tufanye siasa za kiungwana." Leo tuliangalie hilo neno, maana lina historia, na si tamu.

Nianze na filamu. Kingsman: The Secret Service ya Matthew Vaughn ilifika kwenye sinema 2015. Eggsy, kijana wa mtaa wa maskini London, anachukuliwa na majasusi waliojificha nyuma ya duka la kushona suti pale Savile Row. Anafunzwa kuvaa, kula na kuongea. Yaani uungwana ni wa kusomea, hauzaliwi nao. Poa. Lakini kuna mkuu wa majasusi, mzee anayedharau watoto wa mtaani kama Eggsy. Akikata roho kwa sumu, lafudhi yake ya kitajiri inamponyoka, anatukana kama mtu wa mitaa ya chini. Kumbe naye ametoka hukohuko! Na ndiye aliyekuwa anafunga mlango. Hapo nilirudisha nyuma nikaangalia tena.

Sasa kwetu. Muungwana wa pwani ya zamani hakuwa mtu mwenye adabu tu. Alikuwa mtu huru, asiye mtumwa, na nguo ndiyo ilimtambulisha. Zanzibar, kanzu na kofia vilikuwa vyake. Mtumwa hakuruhusiwa kufunika kichwa mbele ya bwana wake. Utumwa ulipofutwa kisheria 1897, waliokuwa watumwa wakaanza kuvaa kanzu na kofia. Hawakuhitaji darasa la adabu. Walijua fika ile nguo inasema nini.

Huku bara mambo yakageuka. Kwenye nyumba za masetla, kanzu nyeupe ikawa yunifomu ya boi anayepakua chakula mezani. Aliyeketi anakula ndiye mwenye suti. Kanzu ni ileile, lakini sasa inasema wewe ni mtumishi.

Masetla wakaondoka, suti ikabaki. Novemba 2023, Spika wa Bunge la Kitaifa alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni (hilo ni jina la nguo, msinishike) pamoja na mavazi ya kiasili. Mwanamume avae koti, kola, tai, suruali ndefu, soksi na viatu. Hiyo ilikuwa wiki chache tu baada ya mfalme wa Uingereza kuja Nairobi kusema anasikitikia maovu ya ukoloni.

Najua mtasema kanuni ni heshima kwa taasisi. Sikatai, bila kanuni mtu angeingia na jezi. Lakini kanzu safi ina kosa gani? Mzee wa pwani anaivaa msikitini na harusini, na hakuna anayemwona mchafu. Akichaguliwa mbunge, huenda ikabidi aivue mlangoni.

Na wengi wanaoitetea hiyo kanuni ndio haohao hutuambia kwenye mikutano kwamba walienda shule pekupeku. Mimi nawaamini kabisa. Hata yule mzee wa Kingsman, hadithi yake ilikuwa ya kweli.